Chuo cha walimu: kilizaliwa namna gani, na heshima yake ilipotelea wapi

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta jibu la swali moja ambalo nilikuwa nadaiwa.

Wiki mbili zilizopita, kipindi cha jioni kikiwa kimekwisha, dada mmoja alinipigia simu. Ametoka upande wa Kalehe na mama yake na wadogo zake, wanakaa kwa shangazi hapa Bukavu, watu tisa katika vyumba viwili. Anasoma ISP, mwaka wa pili, upande wa historia. Mjomba wake ndiye anayetafuta pesa ya minervali, na huyo mjomba amemwambia waziwazi kwamba mwaka ujao hatalipa tena masomo ya ualimu. Aende uuguzi, au aingie mambo ya duane, kwa sababu mwalimu wa Kongo ni mtu wa kuhurumiwa. Dada hakuniuliza afanye nini. Aliniuliza: papa mwandishi, tangu lini mwalimu amekuwa mtu wa kuhurumiwa? Koko yake alikuwa mwalimu, na kijijini watu walimpisha njia.

Sikuwa na jibu. Mimi nilisoma sekondari, kisha masomo ya uandishi wa habari, ISP nimeijua kwa kupita mlangoni tu. Lakini papa yangu alishika chaki maisha yake yote, kwa hiyo swali liliniuma. Nikaenda kwa wazee waliofundisha, nikasoma nilichoweza kupata.

Tuanze na wamisionari, maana shule ya Kongo ilianza mikononi mwao. Tarehe 26 Mei 1906, Vatican na serikali ya Mfalme Léopold II walitia sahihi mapatano: misioni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu hapo mwalimu mweusi alikuwa mtu wa misioni. Waliitwa moniteri. Moniteri alifundisha katekisimu, kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na saa za mchana aliongoza watoto shambani. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu kuliko watoto aliowafundisha. Huku kwetu mashariki, Mapadri Weupe walikuwa na shule pembeni ya Tanganyika, Mpala na Baudouinville, mji tunaouita leo Moba. Ndiko alikotoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917. Kijana aliyetaka kusoma sana wakati ule alikuwa na njia karibu moja: seminari. Asipokuwa padri, alirudi kuwa moniteri au karani.

Tulie kidogo kwenye neno hilo, karani. Joseph Kasa-Vubu, rais wetu wa kwanza, alipita seminarini, akafundisha katika shule ya misioni kwao Mayombe, kisha akaacha ubao na kwenda Léopoldville kuwa karani katika ofisi ya fedha ya wakoloni. Hakuwa peke yake. Karani alilipwa vizuri zaidi, alikaa mjini, alivaa vizuri. Basi mjomba wa dada yetu asifikiri ameanzisha jambo jipya. Mtu mwenye akili kukimbia ubao kwa ajili ya ofisi, hiyo tumeiona tangu wakati wa Wabelgiji. Tofauti ni kwamba wakati ule moniteri alikuwa mdogo mbele ya karani, lakini mkubwa mbele ya kijiji kizima. Ndiye aliyesoma barua za watu. Ndiye aliyeandika barua zao. Koko wa dada yetu alipishwa njia kwa sababu hiyo.

Elimu ya juu ilichelewa sana. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, ilifunguliwa mwaka 1954 Léopoldville, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, maana yake Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu siku ile ungeweza kuwahesabu kwa majina bila kuchoka. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wengi sana. Sekondari ilikuwa nyembamba, na waliofundisha sekondari walikuwa karibu wote ni Wazungu: mapadri, masista, mafrere, na walimu walioletwa kutoka Ubelgiji.

Kisha Julai 1960 askari wa Force Publique wakaasi, na Wabelgiji wengi wakakimbia ndani ya siku chache. Wengine waliondoka na sanduku moja tu. Wakaacha madarasa. Waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba alikuwa Pierre Mulele, yule ambaye baadaye aliongoza uasi wa Kwilu. Hebu fikirini kazi aliyopewa: Septemba inakuja, watoto wanakuja, walimu wa sekondari hakuna.

Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, ulitafuta walimu kila pembe ya dunia. Wahaiti wengi walikuja, maana walijua Kifaransa na kwao maisha yalikuwa magumu chini ya Duvalier. Wazee wa Bukavu, Goma na Kisangani bado wanawakumbuka, watu weusi kama sisi lakini wenye Kifaransa kingine. Hata hivyo nchi haiwezi kuazima walimu milele. Mwaka 1961 ikaanzishwa Léopoldville, huko Binza, shule kuu ya kufundisha walimu wa sekondari, Institut Pédagogique National. Ndiyo leo inaitwa Université Pédagogique Nationale. Na mikoani zikaanzishwa shule za mafunzo zilizoitwa "école normale moyenne". Mwanafunzi alimaliza sekondari, akasoma miaka miwili, akatoka na cheo cha "régent", mwalimu wa miaka ya chini ya sekondari. ISP yetu ya Bukavu ni ya ukoo huo.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu ndipo moyo wa habari ulipo. Vyuo vya walimu vilizaliwa siku ya dharura. Vilikuwa kama gari la wagonjwa: lazima lifike haraka. Ndiyo sababu masomo yalikuwa mafupi, na ndiyo sababu tangu mwanzo kulikuwa na watu wa vyuo vikubwa waliosema kwamba ISP si chuo kikuu kamili. Lakini aliyeingia humo wakati ule hakuhurumiwa na mtu. Leta ilimhitaji. Alipewa pesa ya kusomea, kitanda, chakula. Mzee mmoja aliyesoma miaka hiyo aliniambia kwamba siku aliyomaliza, kazi ilikuwa inamngojea, na mshahara wa kwanza ulinunua baiskeli na mabati ya nyumba ya mama yake. Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya.

Usidhani masomo hayo yalifanyika katika utulivu. Nilipoanza kupanga tarehe, niliona kwamba hakuna kizazi cha wanafunzi wa Bukavu kilichosoma bila kusikia risasi. Agosti 1964 waasi wa Simba walishambulia mji, na jeshi la Kanali Léonard Mulamba likawasukuma nyuma. Mwaka 1967, mwaka uleule Leta ilipoanzisha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huu tunaouita "Exetat", askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliingia Bukavu mwezi wa Agosti na kuukalia mji mpaka Novemba. Wenyeji walikimbilia vijijini. Mwezi wa masomo kuanza ulipita na mji ukiwa mikononi mwa wageni wenye bunduki. Familia zilizohama, mnaosoma maneno haya: hata wazee wenu waliwahi kufungia madaftari ndani ya kitambaa na kutembea usiku.

Mwaka 1971 Mobutu alikuwa amegombana na wanafunzi wa Lovanium mpaka akawaandikisha jeshini. Baada ya hapo akaunganisha vyuo vyote vya nchi kuwa kimoja, Université Nationale du Zaïre, yaani UNAZA. Vyuo vya walimu navyo vikaingizwa humo kwa jina hili la ISP, Institut Supérieur Pédagogique. Masomo ya saikolojia na sayansi ya elimu yaliwekwa Kisangani. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, acha niyatenganishe. Kisangani mtu alisoma elimu yenyewe: mtoto anajifunza namna gani, shule inaongozwa namna gani. ISP mtu anasoma somo atakalofundisha, tuseme historia, au biolojia na kemia, au Kifaransa, na papo hapo anasoma namna ya kulifundisha. Ndiyo maana diploma yao imeandikwa "pédagogie appliquée".

Hiyo "appliquée" si pambo. Muulize yeyote aliyepita pale kuhusu staji. Unatayarisha somo kwenye karatasi, kila dakika na kazi yake: utauliza swali gani, mtoto atajibu nini, utaandika nini ubaoni na upande gani wa ubao. Kisha unasimama mbele ya darasa la watoto wa kweli, na nyuma ya darasa wamekaa profesa na wanafunzi wenzako na kalamu mkononi. Ukimaliza, wanakuchambua mbele ya wote. Ulimpa mgongo mtoto. Ulisema peke yako dakika ishirini. Uliuliza swali ukajijibu. Hapa Bukavu shule ya mazoezi ya ISP inaitwa Edap, na watoto wa Edap wamezoea sana walimu wanaotetemeka, wanajua mapema nani atasahau tarehe. Mimi niliyejifunza kusema redioni kwa kurushwa tu mbele ya mikrofoni, nawaonea wivu. Muuguzi na mwalimu ndio watu wachache ambao nchi hii bado inawajaribu mikono kabla ya kuwapa karatasi.

Kuna kasoro moja niitaje nikiwa bado hapo. Miaka ya chini ya shule ya msingi mtoto wa kwetu anafundishwa Kiswahili, na Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini masomo ya chuoni ni Kifaransa tangu asubuhi mpaka jioni. Mwalimu anatoka amejua kueleza mapinduzi ya Ufaransa kwa Kifaransa kizuri, na akiombwa aeleze kipimo cha eneo kwa Kiswahili anakwama.

Sasa heshima ilipotelea wapi? Wazee wote niliowauliza walinionyesha mahali pamoja: mfuko.

Mwisho wa 1974 Leta ilizichukua shule za makanisa. Haikuweza kuziendesha, na Februari 1977 ikaandikiana na makanisa mapatano ya kuwarudishia uongozi, mishahara ikibaki juu ya Leta. Mpaka leo shule zetu nyingi ziko hivyo: kanisa linaongoza, Leta inalipa, au inasema inalipa. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, kila chuo kikasimama peke yake. Na miaka ileile uchumi ulikuwa unateremka, zaire inapoteza nguvu, pesa ya wanafunzi inapungua mpaka ikaisha kabisa. Papa alikuwa anasema mshahara wake ulianza kununua gunia, ukafika kununua kilo, ukafika kununua sabuni.

Septemba 1991 askari waliiba Kinshasa na miji mingine. Januari 1993 wakaiba tena, kwa sababu walilipwa noti ya zaire milioni tano ambayo wafanyabiashara walikataa kuipokea. Ikiwa mwenye bunduki alilipwa karatasi isiyopokelewa sokoni, mwenye chaki je? Walimu waligoma miezi mingi. Watoto walikaa nyumbani. Hapo ndipo Kanisa Katoliki na wazazi walipokubaliana jambo ambalo lilitakiwa liwe la muda mfupi: wazazi wachange pesa ya kumpa mwalimu, ili shule zifunguliwe. Pesa hiyo ikaitwa "prime". Tuseme ukweli, bila hiyo shule za Kivu zingekufa. Lakini tangu siku ile mwalimu alianza kula kutoka mfukoni mwa mzazi maskini, na mtoto asiyelipa alianza kufukuzwa na mtu aliyempenda. Mimi nilifukuzwa mara nyingi hivyo, na mwaka mmoja aliyenisomea jina kwenye orodha alikuwa rafiki wa papa. Hakuniangalia usoni.

Moniteri wa zamani alikuwa maskini mbele ya karani, lakini hakumdai mtu kijijini. Kitu kilichomshusha mwalimu ni kufanywa mdai wa jirani zake.

Vita ikaongeza. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Bukavu, wakalala mpaka ndani ya viwanja vya shule. Mwisho wa Oktoba 1996 mji uliangukia AFDL. Agosti 1998 vita ya pili, na mashariki tukawa chini ya RCD, tumekatwa na Kinshasa miaka karibu mitano. Mishahara ya Leta haikufika. Mzazi alibeba kila kitu: mwalimu wa msingi, wa sekondari, na hata profesa wa chuo, kwa njia ya minervali. Juni 2004 risasi tena mjini. Februari 2025, ninyi wenyewe mnajua.

Na katikati ya hayo yote, vyuo vilizidi kuzaliwa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza 1989, cha Graben kule Butembo mwaka huohuo, vingine vikafuata, na kila kimoja kilitaka wanafunzi wenye asilimia nzuri na wazazi wenye pesa. ISP ikabaki na sifa ya bei nafuu. Watu wakaanza kusema: aliyekosa nafasi kwingine ndiye anaenda ISP. Nimewasikia wakisema hivyo ndani ya basi, na watoto wao wanafundishwa na watu wa ISP kila asubuhi.

Kuna pia wale wanaoitwa N.U., walimu wapya ambao jina lao halijaingia kwenye orodha ya malipo ya Leta. Mtu anaweza kuwa na diploma, darasa, watoto sitini mbele yake, na asiwe na mshahara miaka mingi. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza shule ya msingi ya bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliandika katika kifungu cha 43. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kwa N.U. wa shule ya msingi siku ile "prime" ilikwisha kabla mshahara haujaanza. Wengi walikwenda kuchimba, kuuza maneti ya simu, kubeba watu kwa pikipiki.

Jambo moja la mwisho, kwa wazazi wanaolipa sasa. Zamani mtu alisoma miaka mitatu akawa gradué, akaongeza miwili akawa licencié. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mpango wa LMD, na "licence" sasa ni miaka mitatu. Neno ni lilelile, miaka siyo ileile. Mzazi anayesikia mtoto anasema anamaliza licence mwaka wa tatu, asidhani anadanganywa. Na ninyi mliokimbia bila karatasi: bulletin, attestation, diploma, chochote kilichobaki, mpige picha leo na mtume kwa ndugu wawili walio mbali. Shule nyingi zimeporwa, na makaratasi yamewashia watu moto wa kupikia.

Nilimpigia dada simu tena jana. Nilimweleza haya kwa kifupi, na nikamwambia kwamba mjomba wake hajakosea kuhusu pesa. Amekosea kuhusu diploma. Diploma haikuoza, aliyetakiwa kuilipa ndiye aliyeacha kulipa, na mwenye deni ni Leta. Nilimwambia pia kwamba kama atahamia uuguzi kwa sababu anapenda wagonjwa, aende bila aibu, ila asihame kwa sababu ya maneno ya ndani ya basi. Alicheka. Akasema mjomba amekubali kuongea naye Jumapili baada ya ibada, na mama yake ameanza kuuza sambaza ili wachangie nusu.

Akaongeza kwamba Ijumaa ana somo lake la kwanza la majaribio, mbele ya darasa, kuhusu mkutano wa Berlin wa 1885, na kwamba ramani ya Afrika waliyokuwa nayo nyumbani ilibaki Kalehe ukutani. Sisi tuna moja studioni, imechanika kutoka Libya mpaka Chad. Mwenye ramani nzima, hata ya zamani, aiache kwa mlinzi wa redio kabla ya Alhamisi jioni. Itarudishwa.